Kutoka Rangi ya Kopo Hadi Mkaa

Miezi minne ya kwanza sikuruhusiwa kuchora hata jicho la ndege. Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote, ndipo mjomba akanipeleka kwenye karakana moja ya wachoraji wa mtindo wa Tingatinga jijini Dar es Salaam, kwa fundi waliyejuana tangu ujanani. Kazi yangu ikawa kukata hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigia dari, kuzipiga msasa na kuzipaka rangi ya chini. Bluu ififie hadi iwe njano, njano ififie hadi iwe nyekundu ya machweo. Jioni nilinawa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni ya mche, na bado chakula kilininukia rangi.

Sasa imepita zaidi ya miaka kumi. Hapo katikati nimepitia rangi ya kopo, rangi za maji, akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji), rangi ya mafuta ya wasanii na mkaa. Nimechora wanyama, ngalawa, milango, kuta, na siku hizi nyuso za watu. Nimepoteza pesa, nimepoteza wateja wawili ambao nikikutana nao mpaka leo naumia, na nimepoteza muda mwingi kwa makosa ambayo mtu angeniambia sentensi moja tu ningeyaepuka. Vijana hunijia wakiuliza waanze na rangi gani. Nawaandikia wao.

Nianze na karakana. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vitu vilivyokuwa karibu na mkono wake: ubao wa dari na rangi ya kopo ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea na kazi. Fundi wangu alitufundisha kama alivyofundishwa yeye, kwa kuangalia na kurudia. Penseli haikuwepo. Mstari unauchora kwa chaki, ukikosea unafuta kwa kitambaa, unaanza tena.

Rangi ya kopo inataka subira ambayo sikuwa nayo. Koti la kwanza likauke siku nzima, wakati wa masika hata siku mbili, ndipo upake la pili. Aprili moja tulipata oda ya picha sita, mteja anasafiri Jumamosi. Nilipaka koti la pili mchana wa siku ileile kwa sababu nilipogusa kwa kidole halikunata. Kesho yake asubuhi mbao zote sita zilikuwa zimekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Juu palikauka, chini bado palikuwa pabichi. Fundi hakunipigia kelele. Alinipa wembe na msasa, akaniambia nikwangue zote mpaka ubao uonekane. Mteja alinunua picha za wengine akaondoka. Tangu hapo sijaamini kidole. Naweka kipande kidogo cha ubao pembeni, nakipaka rangi ileile saa ileile, na kabla ya koti la pili nakikwaruza kwa ukucha mpaka chini.

Jambo la pili nililochukua pale ni kanga. Nasema ndege, yule mwenye madoa. Fundi alimchora mwili mzima kwa nyeusi na kijivu cha bluu, akauacha ukauke, kisha siku ya mwisho kabisa akafungua kopo la nyeupe. Alichovya kijiti cha kiberiti, akagusa ubao, akainua. Doa. Shingoni madoa madogo kama mbegu za ufuta, yakikua kuelekea tumboni, yakipungua tena kuelekea mkiani. Kila doa lilisimama juu ya ubao kama tone, ungeweza kulipapasa ukiwa umefumba macho. Ndege aliyekuwa kivuli tu akawa na mwili wa duara. "Mwanangu, nyeupe ni ya mwisho," aliniambia. "Ukiitanguliza, utaichafua." Nikaishika kauli hiyo kama sheria ya uchoraji wote, na baadaye ikanigharimu.

Mvuke wa rangi na petroli ya kuchanganyia ulinipa maumivu ya kichwa kwa miaka miwili na nilidhani ni jua. Kama unatumia rangi ya kopo, fanya kazi nje au kwenye upepo, na usilale chumba kimoja na picha mbichi. Hili halina mjadala.

Nilichora tembo wengi sana pale. Siku moja mama mmoja wa makamo, Mtanzania, alisimama mbele ya picha yangu muda mrefu akaniuliza kwa upole kama nimewahi kumwona tembo. Sikuwahi. Nilimjua tembo kutoka kwenye picha za wenzangu, na wenzangu wengine walimjua vivyo hivyo. Simlaumu mtu anayechora hivyo, ni urithi na una uzuri wake, na nyumba nyingi zimelishwa nao. Lakini lile swali lilinikaa. Nilitaka kuchora kitu kilicho mbele ya macho yangu.

Mwaka 2016 nikaenda Bagamoyo, nikakaa kwa mama mdogo. Nilibeba rangi za maji za wanafunzi, zile vidonge kumi na mbili kwenye kibati, na rimu ya karatasi za kuchapia. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ikilowa inajikunja kama kuti. Rangi inakusanyika kwenye mabonde, inakauka na ukingo wa kahawia kama alama ya maji kwenye dari. Miezi mitatu niliulaumu mkono, kumbe mkono ulikuwa hauna kosa. Binamu yangu anayefanya kazi Muscat alipokuja likizo aliniletea karatasi kumi za pamba, za gramu 300. Nilipopitisha brashi mara ya kwanza rangi ikatulia, ikaenea pale nilipoipeleka, nikakaa kimya.

Halafu zikanitisha. Nilijua bei yake, kwa hiyo nilizifungia kabatini zaidi ya miezi miwili nikisubiri picha inayostahili. Picha hiyo haikuja, maana sikuwa nikijizoeza juu yake. Dawa niliyoipata ni kuikata. Karatasi kamili ina sentimita 56 kwa 76. Kata vipande vinane, kila kimoja sentimita 28 kwa 19, na tumia pande zote mbili. Karatasi moja inakuwa mazoezi kumi na sita, na woga unaisha. Kama pesa yako ni ndogo, nunua karatasi nzuri na rangi tatu tu: nyekundu, njano na bluu, za kiwango unachokimudu. Mimi nilifanya kinyume, rangi nyingi kwenye karatasi mbaya.

Sasa ile sheria ya nyeupe. Kwenye rangi za maji huna nyeupe ya kuweka mwisho. Nyeupe ni karatasi yenyewe, unaamua mwanzo kabisa mahali ambapo brashi haitagusa. Tanga la ngalawa likiwa juani, unalizunguka. Povu la wimbi, unalizunguka. Mkono wangu ulizoea kufunika ubao wote kwanza, kwa hiyo nilifunika, kisha nikatafuta nyeupe ya kurudishia na sikuwa nayo. Nikanunua kichupa cha nyeupe nzito nikadondoshea juu. Ilikaa kama chokaa iliyomwagika kwenye nguo. Ilinichukua karibu mwaka kuzoea kuanza kwa kuuliza: hapa mwanga uko wapi, na nitauachia nafasi kiasi gani?

Bahari nayo ilinifundisha kwa njia yake. Asubuhi moja nilikaa karibu na soko la samaki, maji yametoka, ngalawa zimelala mchangani zimeegemea mrengu mmoja. Nilichora mistari kwa makini saa nzima, nikapiga anga, nikaenda kunywa chai na vitumbua. Niliporudi na kumaliza kuzungumza na watu, maji yalikuwa yamepanda, zile ngalawa zinaelea, zimesimama wima, na mbili hazipo kabisa. Kati ya maji kujaa na kupwa ni kama saa sita, kila mtu wa pwani anajua, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba mchoro nao uko ndani ya saa hizo. Ukichora pwani, muulize mvuvi kwanza maji yanarudi saa ngapi. Chora chombo kabla ya mandhari, kwa sababu mandhari itakungoja. Na Bagamoyo inatazama mashariki: asubuhi jua linatoka baharini, linakujia usoni, vyombo vinakuwa vivuli vyeusi. Ukitaka kuona mbao zake, rangi zake na majina yaliyoandikwa ubavuni, nenda baada ya adhuhuri.

Siku nyingine maji yangu ya kuoshea brashi yaliisha nikachota ya bahari. Chumvi ilipokauka iliacha nyota ndogondogo kwenye anga, nzuri ajabu, nikafanya picha nne namna hiyo na kuuza moja. Masika ilipoingia, chumvi ikaanza kunyonya unyevu hewani. Karatasi ikawa na mabaka ya majimaji, kisha kuvu nyeusi. Yule mteja alinirudishia picha. Nilimrejeshea pesa yake na kumchorea nyingine bure, lakini hakuagiza tena, na ni haki yake. Tumia maji ya kunywa. Hifadhi karatasi zako mbali na ukuta, kwenye mfuko uliofungwa, na kipindi cha mvua zitoe ndani siku ya jua.

Kuhusu watu: nilianza kuwachora wavuvi bila kuomba, nikijificha nyuma ya mashua. Mzee mmoja alinifuata akaniuliza, "Unatupeleka wapi sisi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile natoa salamu kwanza, nakaa, naonyesha daftari, naomba. Wengine wanakataa, na anayekataa hana haja ya kueleza. Nikimchora mtu nampa mchoro mmoja abaki nao. Yule mzee akawa ndiye anayeniitia wengine.

Unguja nilikwenda 2019, wiki sita, kwa akiba ya mwaka mzima. Nilikwenda kwa ajili ya milango na nikajikuta nashikwa na kuta. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mimi nilidhani chokaa ni nyeupe. Keti kwenye baraza saa tisa alasiri uangalie kichochoro. Ukuta ulio juani ni wa rangi ya krimu. Ulio kivulini ni bluu, mara zambarau, kwa sababu unapokea nuru ya ule mstari mwembamba wa anga ulio juu. Na sehemu ya chini ya kivuli, karibu na barabara iliyopigwa jua, inarudisha rangi ya joto kama chungwa lililochanganywa na maziwa. Ukuta mmoja, rangi tatu, na hakuna hata moja uliyoweza kuiita nyeupe. Nilichora kona ileile siku tisa mfululizo. Watoto wa madrasa walinizoea wakawa wananiuliza kama sijamaliza tu.

Milango nayo, nikiri, nilikosea kwa pupa. Nilitaka kuchora kila nakshi. Ukianza na minyororo ya kwenye fremu, mawaridi ya juu, kisha mfaa wa katikati, ule ubao unaosimama pale mbawa mbili za mlango zinapokutana, na misumari ya shaba, unapofika chini mwanga umebadilika mara tatu na mlango wote umekufa. Mwanafunzi mmoja wa kuchonga, kijana mdogo kuliko mimi, ndiye aliyeniambia niangalie kina kabla ya ua: wapi kisu kimeingia sana, wapi kimepita juujuu. Nikaweka vivuli vikubwa kwanza, nakshi nikazichora kwa ukamilifu pale tu jua linapozigusa, kwingine nikaacha dokezo. Jicho la mtazamaji hujaza lenyewe.

Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883 zama za Sultan Barghash, nililichora nikiwa nimekaa Forodhani. Linatazama baharini, magharibi, kwa hiyo mwanga mzuri ni wa alasiri. Nilimaliza upande mmoja, nikaweka mnara kwa mistari michache ya penseli, nikajiambia nitarudi mwakani. Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na ule mnara, na watu wawili walifariki. Nilipata habari nikiwa Dar es Salaam. Nilitoa daftari nikaiangalia ile mistari saba ya penseli, hiyo ndiyo yote niliyokuwa nayo ya mnara. Sina ushauri wa kuambatanisha hapa. Nasema tu kwamba siku hizi sichelewi.

Mwaka ule ule wa korona watalii walipotea, na mimi nilikuwa na chumba cha kupanga na mtoto wa mwaka mmoja. Ndipo nikapokea kazi mbili ambazo sikuwa tayari nazo.

Ya kwanza ilikuwa ukuta wa nyumba ya wageni, mita sita kwa tatu, kwa akriliki. Nilipokea nusu ya malipo, nikanunua rangi, nikachora jahazi lenye tanga kubwa. Akriliki inakauka upesi. Kwa joto la kaskazi inakufia kwenye kibao cha kuchanganyia rangi dakika chache, kwa hiyo weka kitambaa kibichi chini ya rangi na uwe na chupa ya kupulizia maji. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni ukuta. Ulikuwa wa zamani, unavuta maji kutoka ardhini, na chini ya miezi mitatu tanga lilivimba malengelenge, chumvi nyeupe ikasukuma rangi ikabanduka vipande. Mwenye nyumba alisema nirudishe pesa. Nililipa kwa mafungu miezi minane. Sasa kabla ya kukubali ukuta wowote nabandika plastiki safi pande zote nne kwa gundi ya karatasi, naiacha siku nzima au mbili. Ukikuta matone ndani yake, ukuta unalowa, usiuguse mpaka utengenezwe. Na makubaliano yaandikwe: nani anawajibika na ukuta, nani na rangi.

Ya pili ilikuwa rangi ya mafuta. Hapa kuna mtego wa lugha. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa ya kopo ya kupaka milango. Ya wasanii ni nyingine, ya tyubu, iliyosagwa kwa mafuta ya kitani. Nilikuwa nimesoma mahali mbinu za rangi ya mafuta nikazifanya na ya mlango. Nyeupe yake iligeuka manjano ndani ya mwaka, hasa picha iliyokaa chumba chenye giza. Baadaye nilinunua za tyubu chache kwa bei iliyoniuma. Ni rangi yenye kina ambacho sijakiona kwingine. Ila inachelewa kukauka, wakati wa mvua picha ilikaa wiki tatu bado inanata, vumbi na wadudu wakaganda, na harufu ya tapentaini haiwezi kukaa chumba kimoja na mtoto aliyelala. Nikaziuza. Ukipata mahali pa kufanyia kazi palipo peke yake, zijaribu, na ukumbuke tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ndizo ziongezwe mafuta, la sivyo zitapasuka.

Nilibaki na nini? Na mkaa, maana ndio uliokuwa bure.

Nilijaribu wa kupikia, ukachana karatasi. Nikajifunza kuutengeneza: vijiti vyembamba vikavu vilivyomenywa gamba, vipange kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko chenye tundu dogo, weka jikoni. Moshi utatoka kwenye tundu, ukikoma, epua. Usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, ukifungua likiwa la moto hewa inaingia na utakuta majivu. Nilikuta majivu mara mbili.

Watu wakaanza kuniletea picha za simu niwachoree wazazi wao, arusi zao, watoto wao. Hapo niligundua kwamba sijui kuchora ngozi yetu. Nilichokuwa nimejifunza kutoka vitabuni na video kilikuwa ngozi nyeupe iliyotiwa kivuli, na nilipochora mtu mweusi nilifanya vilevile kisha nikaongeza weusi juu. Sura zikatoka na majivu, zimechoka. Dada mmoja alifungua picha ya marehemu mama yake, akaikunja taratibu, akasema, "Mama alikuwa anang'aa." Hakusema neno jingine. Huyo ndiye mteja wa pili niliyemtaja mwanzo.

Nikamweka mke wangu karibu na mlango nikamwangalia kwa siku kadhaa. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kwa nguvu, kwenye kipaji cha uso, daraja la pua, mfupa wa shavu, na ukingo wa mwanga huo ni mkali. Upande wa kivuli haujafa, una nuru ya pili inayotoka ukutani au kwenye nguo. Nyeusi halisi ipo sehemu chache: ndani ya pua, mstari wa midomo inapokutana, chini ya kope. Kwa hiyo kwenye mkaa napaka uso wote kijivu cha kati kwa kitambaa, kisha natoa mwanga kwa raba, na weusi naweka mwisho, kidogo. Kwa rangi nimeacha kabisa nyeusi ya tyubu kwenye ngozi; kahawia nzito na bluu zinatosha, nazo zinaacha damu ionekane. Na mteja akileta picha iliyopigwa kwa flashi namwomba nyingine iliyopigwa karibu na mlango au dirisha. Flashi inaupiga uso ukawa bapa, huwezi kuutoa humo.

Jambo dogo la pesa hapa: kwa muda nilitia rangi midomo na vitenge kwa maka peni, na jua la dirishani likazipausha ndani ya miezi michache. Kabla ya kuuza chochote chenye rangi mpya, chora mistari yake kwenye karatasi, funika nusu kwa kadibodi, bandika dirishani miezi mitatu. Utajua.

Mwaka jana nilimchora babu, mzaa mama, aliyefariki nikiwa darasa la sita. Picha iliyobaki ni ya pasipoti, ndogo kama stempu ya barua, imekwaruzika upande wa juu, kofia haionekani vizuri. Nilifanya kazi juu yake mwezi mzima. Kofia niliitengeneza mwenyewe, nikaijaza nakshi nilizowahi kuona Unguja, kila kitundu nikikitoa kwa ncha ya raba, kimoja kimoja, kama yale madoa ya kanga. Niliona ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Nilimpelekea bibi nyumbani. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akautazama uso muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali, machozi yakamlenga. Kisha kidole chake kikapanda juu kikasimama kwenye kofia.

"Uso ni wake," alisema. "Kofia hii siijui."

"Haikuonekana kwenye picha, bibi. Nimeiweka tu."

"Nilimshonea mimi. Miezi minne. Hakuwahi kuvaa ya mtu mwingine."

Aliinuka akaenda chumbani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga, akakifungua mezani. Kofia ilikuwa imegeuka rangi ya karatasi ya zamani, ukingo umechakaa pale alipokuwa akiishika kuivua. Vitundu vyake havikuwa mawaridi wala mawimbi niliyoyabuni. Vilikuwa mistari midogo iliyopindana, miwili miwili, yenye kosa moja nyuma ambapo uzi uliruka safu.

"Chora hii," akasema, akavuta kigoda akakaa pembeni yangu.

Nilichukua raba nikaanza kufuta.